Mshona gauni la harusi aliyeingiza bahari ndani ya kioo



Wiki mbili zilizopita mama mmoja alikuja dukani kwetu hapa Miteja kumpimisha binti yake gauni. Tulipomaliza kuandika vipimo akatoa simu na kutuonyesha picha ya ukumbi wa harusi wa huko ng'ambo. Kila meza ilikuwa na bakuli la kioo, na ndani yake maji, ua moja jeupe, na samaki mdogo wa rangi akizunguka. "Nanyi wanangu si mko baharini," akasema. "Samaki wa bure. Mtuwekee na hivi."

Tukatazamana. Sisi ni watu wawili, mtu na wifi yake, tunashona na kupamba. Kwa samaki wa mezani tulishawahi kuumbuka.

Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza wa mapambo. Bi harusi alitaka buluu na manjano, nasi tukaona hakuna buluu na manjano nzuri kama ile ya mwambani. Bamvua lilipofika na maji kutoka mbali, tukawaomba vijana watuletee samaki wadogo waliobaki kwenye madimbwi. Wakaleta ndoo nzima. Kulikuwa na vitatange, vipepeo na wengine ambao majina yao hatukuyajua. Tukaosha mabakuli kwa sabuni mpaka yakang'aa, tukatia maji ya bahari yaliyotekwa asubuhi na kupanga samaki mmoja mmoja, wawili wawili. Mashallah, watu wakapiga picha.

Kufikia Isha samaki wa meza ya mbele alikuwa amelala ubavu. Bi harusi alipoingia, watoto walikuwa wamezunguka mabakuli wakionyeshana nani amekufa na nani bado. Bibi yake bwana harusi akatuita pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa viumbe wamewakosea nini?" Hatukuwa na jibu. Tukakusanya mabakuli na kuyapitisha mlango wa nyuma.

Swali la bibi yule ndilo lililotufanya tutafute historia ya jambo hili: nani alianza kumweka samaki wa bahari ndani ya kioo, kwa sababu gani, na aliwezaje kumweka hai. Tuliyoyakuta yalitushangaza, kwa sababu aliyeanza alikuwa fundi mwenzetu. Cherehani hakuwa nayo, maana zama zake zilikuwa za sindano na mkono, lakini alikuwa mshona gauni la harusi hasa.

Anaitwa Jeanne Villepreux-Power. Alizaliwa mwaka 1794 katika kijiji cha Juillac, Ufaransa, binti wa fundi viatu. Alipokuwa msichana alikwenda Paris kutafuta kazi, na inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400. Ni kama utoke hapa kwetu mpaka Dar es Salaam, ufike, kisha uanze kurudi. Paris akapata kazi kwa fundi wa nguo za wakubwa, naye akashika sindano. Mwaka 1816 binti mfalme Caroline kutoka kusini mwa Italia aliolewa na mtoto wa ndugu yake Mfalme Louis wa 18 wa Ufaransa, na mkono ulioshona gauni lake la harusi ulikuwa wa Jeanne. Gauni lile likampatia jina. Likampatia na mume pia, mfanyabiashara Mwingereza aitwaye James Power. Wakaoana mwaka 1818 na kuhamia Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily. (Nyie wa visiwani mtapenda kujua kwamba kisiwa hicho nacho kilitawaliwa na Waislamu kwa takribani karne mbili, kabla hakijachukuliwa.)

Mke wa tajiri, kwenye mji mzuri, angeweza kukaa barazani tu. Jeanne alianza kuzunguka kisiwa akiokota mawe, vipepeo, makombe na mimea, akiandika na kuchora. Chuo hakusoma. Akajifundisha mwenyewe, na kati ya vyote kilichomshika ni pweza mmoja.

Pweza huyo si huyu wetu wa mwambani, anayejulikana kwa makombe ya chakula aliyoyatupa mlangoni pake. Yule huelea baharini, na jike lake huishi ndani ya kombe jeupe jembamba kama karatasi. Kwa karne nyingi wasomi walibishana. Wengine walisema pweza huyu hulitengeneza mwenyewe kombe hilo. Wengine walisema ni mwizi, humwua mwenyewe akaingia na kukaa, kama kaa afanyavyo. Ubishi wote ulitegemea pweza waliokufa, waliohifadhiwa kwenye chupa. Hakuna aliyekuwa amemtazama akiishi.

Jeanne akaamua kumtazama, na mwaka 1832 ndio unaotajwa kuwa mwaka wa matangi yake. Alitengeneza aina tatu. La kwanza ni la kioo la kuweka ndani ya nyumba, baba wa matangi yote tunayoyaona hotelini leo. La pili ni kioo kilichozungushiwa kizimba, la kuzamisha kwenye maji ya karibu na pwani. La tatu ni kizimba kikubwa cha kuteremshwa chini na kushikwa na nanga, kwa viumbe wakubwa zaidi. Hapo ndipo tulipojiona tulivyokosea. Matangi mawili kati ya matatu hayakumtoa kiumbe baharini. Yaliingizwa yeye alipo, maji yakapita kama kawaida yake, na mwanamke akasubiri.

Alisubiri miezi na miaka. Akaona watoto wa pweza yule wakiwa bado hawana kombe, kisha wakianza kulitengeneza wao wenyewe. Akavunja kipande cha kombe la mmoja ili aone atafanyaje, na jike likakiziba kwa mikono yake miwili mipana, ile ile inayotoa utomvu wa kombe. Ubishi ukaisha hapo. Kombe lile jike hujitengenezea na kulibeba, na ndani yake huweka mayai. Sisi tulioshona mashela na nguo za watoto wachanga usiku mmoja, jambo hilo tulilielewa mara moja.

Matokeo yake yalisomwa London mwaka 1839 mbele ya wasomi wa wanyama, kupitia kwa mtaalamu maarufu Richard Owen aliyemuunga mkono. Lakini mwaka uliotangulia, 1838, meli iliyobeba sehemu kubwa ya mikusanyo na michoro yake ilizama. Fikiria daftari lako la vipimo vya wateja wa miaka yote liende chini ya bahari. Alifariki mwaka 1871, kijijini kwake Juillac, na kwa muda mrefu wengi walilisahau jina lake. Siku hizi kuna kreta kwenye sayari ya Zuhura inayoitwa kwa jina lake.

Baada yake anakuja mwanamke mwingine, Anna Thynne wa London, mke wa kasisi. Katikati ya miaka ya 1840 alibeba matumbawe madogo kutoka pwani akayaweka nyumbani mjini, mbali na bahari. Maji ya bahari yakimwishia hana pa kuteka mengine. Akagundua kwamba maji yaleyale huishi yakipigwa hewa, hivyo kila siku yalimiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa na zaidi. Aliyefanya kazi hiyo ya kumimina alikuwa mtumishi wake wa ndani. Jina la Anna limeandikwa vitabuni. La binti yule sisi hatukulikuta, na mikono yake ndiyo pampu ya kwanza.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoeneza neno lenyewe, akwariamu. Uingereza nzima ikashikwa na homa. Kila sebule ilitaka tangi. Wanawake kwa wanaume walishuka pwani na ndoo na nyundo, kama vijana wetu na ndoo yao. Mwaka 1907 mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika kwa masikitiko jinsi madimbwi ya mwambani ambayo baba yake aliyasifia vitabuni yalivyokombwa na hao waliovisoma. Baba alipenda bahari kweli. Kitabu chake ndicho kilichowaleta watu na ndoo.

Karne ya 20 ilileta ndege, pampu za umeme na mifuko ya plastiki inayojazwa maji na oksijeni, na samaki wa nchi za joto wakaanza kusafiri. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako waliomnyunyizia samaki sumu ya sianidi alewe wamshike kirahisi. Sumu hiyo huua na matumbawe aliyojificha. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki wa mapambo wa baharini milioni 20 hadi 24 huuzwa duniani kila mwaka, na karibu wote hukamatwa baharini, tofauti na wale wa maji baridi ambao wengi huzalishwa mabwawani. Jirani zetu Wakenya wana biashara hiyo kwa miongo kadhaa. Wazamiaji wa kuanzia Kilifi mpaka Shimoni huwashika kwa nyavu ndogo za mkono, nao hupelekwa kwa ndege Ulaya, Marekani na Asia. Nyavu za mkono ni afadhali mara elfu kuliko sumu.

Na kwetu? Pwani ya Kilwa imeishi na matumbawe tangu zamani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, na nakshi nzuri za zamani zilichongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa sababu likiwa na maji huwa laini na likikauka hukaza. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji. Wazee wale walichukua kutoka mwambani, hatusemi hawakuchukua, ila walichokijenga bado kimesimama na watu wanatoka mbali kukiona.

Halafu likaja baruti. Anayekaa pwani hii kati ya Rufiji na Lindi haelezwi mlio wake. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo na kuvunja nyumba yao, na tumbawe lililokatika hukua polepole mno, mengine sentimita moja tu kwa mwaka. Msako wa serikali ulipokazwa miaka ya 2016 na 2017, milio ilipungua sana, alhamdulillah. Lakini kuna joto pia. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Tanzania yakageuka meupe, na mengi hayakurudi. Kwa hiyo mwamba tuliowatuma vijana na ndoo si mwamba wa bibi zetu. Ni uliobaki.

Sasa kuna dada zetu wenye uwezo, wenye hoteli ndogo au sebule kubwa, wanaotaka tangi la kweli lenye matumbawe hai na samaki wa rangi. Hatuwakatazi. Katika dini yetu kuna hadithi ya mtoto Abu Umayr aliyekuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea, na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alimtania kwa upole ndege yule alipokufa. Wanazuoni wengi wamechukua hapo ruhusa ya kufuga, kwa sharti la kulisha na kutotesa. Na kuna ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Sisi si masheikh, mengine muulizeni sheikh wenu. Ila tulipomkumbuka bibi wa bwana harusi, hadithi ya pili ndiyo iliyotujia kwanza.

Kosa la mabakuli yetu tunalijua sasa. Maji yalikuwa machache na yametulia, kwa hiyo hewa ikaisha. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na tangi jipya halina bakteria wa kuivunja. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na ndiyo maana mwenye kujua huwasha tangi zaidi ya mwezi mzima kabla hajatia samaki hata mmoja. Harusi zetu ni siku moja. Ongeza na mabaki ya ile sabuni yetu.

La pili ni kuchagua. Tulichagua samaki kama tunavyochagua kitambaa, kwa rangi. Samaki huchaguliwa kwa tumbo lake: anakula nini? Kipepeo ni mzuri kuliko wote, lakini aina nyingi za vipepeo chakula chao ni matumbawe yenyewe. Ukimweka kwenye tangi la matumbawe atakula mapambo, ukimweka pasipo matumbawe atakufa njaa. Kitatange naye hudonoa, tena mkubwa anataka nafasi. Si bure wazee wakimwita mtu mgomvi kitatange. Kikande ana meno ya kuvunjia makombe na kaa. Bunju hatafuni kwa adabu. Pono kazi yake ni kukwangua mwamba, na mchanga mweupe mnaopigia picha za fungate sehemu yake imepita tumboni mwake.

Wanaokaa vizuri na matumbawe ni wadogo na wapole. Wapo wale wa kijani-buluu wanaotembea kundi juu ya matumbawe kama shanga zilizokatika uzi. Wapo wadogo wa mchangani wanaokaa kwenye vishimo. Kangaja wa buluu ya unga mwenye pezi la njano, ambaye bahari yetu inaye, hali matumbawe bali mwani, lakini huogelea mchana kutwa na anahitaji tangi la mamia ya lita, si la kando ya kabati. Na yule samaki mwembamba mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake vimelea, mwacheni baharini. Kule ana wateja, kwenye tangi mara nyingi hufa njaa, na mwamba uliomkosa hupungukiwa na daktari.

Watoto wote watawaomba Nemo. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe hayupo kabisa katika bahari yetu. Wa kwetu ni kahawia iliyokoza, mikanda miwili na mkia mweupe, na huishi ndani ya ua la bahari linalowasha wengine wote isipokuwa yeye. Jike ndiye mkubwa na mwenye amri ya nyumba, na akifa, mumewe hubadilika akawa jike. (Ni mambo ya samaki hayo, msije mkayapeleka kwa mashemeji.) Habari njema ni kwamba jamii hii ilikuwa ya kwanza miongoni mwa samaki wa mwambani kuzalishwa na watu vizuri, kwa hiyo muulize muuzaji: amezaliwa kwenye tangi au amekamatwa? Akishindwa kujibu, mwachie samaki wake. Hata ukichoka kufuga, usimmwage baharini. Yule mwenye milia myekundu na mapezi marefu yenye miiba ya sumu, ambaye kwetu ana wa kumzuia, aliachiwa upande wa Marekani kutoka kwenye matangi, kama wataalamu wanavyoona. Alionekana Florida mwaka 1985, na leo ameenea Karibiani nzima akimaliza samaki wadogo.

Piga na hesabu ya umeme kabla hujavutiwa. Pampu ikisimama usiku mzima, asubuhi utakuta tulichokikuta sisi saa ya Isha. Binti wa kumimina maji dirishani hayupo.

Tukarudi kwa yule mama wa simu. Tulimsimulia yote haya, kuanzia mabakuli yetu mpaka gauni la mwaka 1816, binti yake akiwa amekaa kwenye kigoda anasikiliza. Mama alinyamaza. Binti ndiye aliyeuliza kama tunaweza kumdarizia samaki wale kwenye vitambaa vya meza, kila meza na samaki wake, na kwenye pindo la shela yule pweza na kombe lake. Wifi akaenda kutoa nyuzi. Buluu tunayo, njano tunayo, ila ile kijani-buluu ya wale wadogo wa kundi imebidi tuiagize Dar, na basi linaingia Alhamisi, inshallah.